Risala ya Umoja wa Wanafunzi Wakristo kwa Mgeni Rasmi, Kilele cha Wiki ya Kuombea Umoja wa Wakristo

Baba Askofu, mgeni wetu rasmi,
Mwalimu mlezi,
Mapadre na wachungaji mliofika,
Wazazi wetu na wanafunzi wenzetu,

Tumsifu Yesu Kristo! Bwana Yesu asifiwe!

Tumesalimu mara mbili kwa makusudi. Bila shaka umesikia, Baba Askofu, "Milele, amina" ikitoka upande mmoja wa ukumbi na "Amina" fupi ikitoka upande wa pili. Tunakushukuru kwa kuitikia zote mbili. Wapo wageni waliowahi kuitikia moja tu.

Umoja wetu ulianza na wanafunzi wachache waliotaka kusali pamoja kabla ya mitihani. Siku ya kwanza tulikwama kwenye Baba Yetu. Tulipofika "ufalme wako", nusu tukasema "ufike", nusu tukasema "uje". Mbele kidogo wengine walikuwa wanaomba mkate, wengine riziki. Wakatoliki wakamalizia "utuopoe maovuni" na kunyamaza, huku wenzao ndio kwanza wanaingia "kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu". Tulicheka mpaka sala ikaharibika. Kiongozi wa siku ile akapendekeza tutunge Baba Yetu ya katikati, ya kutufaa sote. Wazo hilo lilikufa palepale, na tunashukuru lilikufa. Hadi leo kila mmoja anaisali kama alivyofundishwa nyumbani kwao, na wanaomaliza mapema wanawasubiri wenzao.

Mgeni rasmi, wiki hii tunayoifunga leo tarehe 25 Januari, sikukuu ya Kuongoka kwa Mtume Paulo, ilianza kuadhimishwa mwaka 1908. Paulo mwenyewe aliyajua matatizo yetu. Alipowaandikia Wakorintho, barua ilikuwa bado changa alipowakemea: huyu anasema ni wa Paulo, yule wa Apolo, yule wa Kefa. Kundi la nne lilisema "mimi ni wa Kristo", nalo halikusifiwa. Sisi tunadhani tunajua sababu. Hata jina la Kristo linaweza kugeuzwa fimbo ya kuwachapia wengine, na katika mabishano ya bwenini tumeliona hilo likitokea.

Tulipokuwa tunajiandaa kwa siku hii, tulijifunza jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Msukumo mkubwa wa kutafuta umoja katika karne iliyopita ulitokana na kazi. Mwaka 1910 wajumbe wapatao 1,200 wa mashirika ya misheni ya Kiprotestanti walikutana Edinburgh. Walitoka katika maeneo ambako watu waliohubiriwa Kristo mmoja waliwaona wahubiri wake wakishindana, huyu akibomoa alichojenga yule. Bwana Yesu aliomba wafuasi wake wawe na umoja "ili ulimwengu upate kusadiki", na hapo ulimwengu ulikuwa na haki ya kuuliza. Wakatoliki na Waorthodoksi hawakuwamo katika mkutano ule. Lakini mbegu ilipandwa, na mwaka 1948 makanisa 147 yakaunda Baraza la Makanisa Ulimwenguni mjini Amsterdam.

Mengine yalichukua muda mrefu zaidi. Hati za kutengana zilizotolewa mwaka 1054 kati ya Roma na Konstantinopoli, yaani kati ya Wakatoliki na Waorthodoksi, zilikaa miaka 911 kabla Papa Paulo VI na Patriaki Athenagoras hawajaziondoa, tarehe 7 Desemba 1965. Na tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, yaani jinsi mtu anavyokubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki, fundisho lilelile lililowagawa tangu siku za Martin Luther. Tunayataja haya kwa sababu baadhi yetu tulianza kukata tamaa baada ya mihula miwili.

Baba Askofu, kazi yetu kubwa ni kutembelea wagonjwa. Kwanza tulipanga Jumamosi, tukakumbuka wenzetu Waadventista. Tukahamia Jumapili asubuhi, wote waliobaki wakawa ibadani. Sasa tunakwenda Jumapili alasiri. Siku moja bibi mmoja wodini alitutazama mmoja mmoja, akauliza, "Ninyi wanangu ni wa kanisa gani?" Tukaangaliana. Mwenzetu mmoja akajibu, "Bibi, tumekuja kukuombea." Bibi akasema, "Basi anzeni, mnangoja nini?"

Siku hiyohiyo tulifua mashuka. Katika umoja wetu wapo waliobatizwa wakiwa wachanga na wapo waliozamishwa wakiwa wakubwa, na mjadala wa maji mengi na maji machache umewahi kutukosesha usingizi. Kwenye beseni lile kila mmoja alitaka maji yaongezwe.

Hatutaki kukudanganya kwamba yote ni mazuri. Hatushiriki Meza ya Bwana pamoja, na hilo linatuuma hasa siku za mafungo, tunapoanza pamoja asubuhi na kutawanyika ifikapo saa ya ibada. Hatukuombi ulitatue leo. Tunajua lina uzito wake, na wakubwa wetu wanalijadili. Lakini kiongozi mmoja wa kiroho, ambaye hatutamtaja, aliwaambia vijana wake kwamba kusali nasi ni kuasi. Wawili wakaacha kuja. Nasi tuna makosa yetu: wapo kati yetu waliougeuza umoja huu kuwa mahali pa kuvulia waumini wa wenzao. Tumewaonya.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, tuletewe walimu, ili kila imani tufundishwe na mwenye imani hiyo. Mengi tunayojua kuhusu Wakatoliki tumeambiwa na Wapentekoste, na mengi tunayojua kuhusu Wapentekoste tumeambiwa na Wakatoliki. Pili, tunakuomba wewe, mapadre na wachungaji waliopo hapa mje nasi wodini Jumapili ijayo, saa tisa alasiri. Hakuna atakayetakiwa kuhubiri. Mabeseni tunayo, sabuni tunayo, na bibi yule bado yupo kitanda cha mwisho karibu na dirisha. Ameshauliza mara mbili kama wale wa makanisa mengi watarudi.

Baba Askofu, tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Umoja wa Wakristo