Risala ya Walimu na Wazazi kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Elimu

Mgeni wetu wa heshima, mwalimu mkuu, chifu wetu, wazazi na wanafunzi, hamjambo.

Karibu kwetu Kilifi, na utuwie radhi kwa viti vya kuazima. Matokeo ya mitihani umeshayasikia. Sisi tumeomba dakika chache tuseme habari ya watoto wasio na vyeti vya kuzaliwa.

Pwani hii jambo hilo si geni. Wavuvi wa Kipemba walianza kufika miaka ya 1930, wakazaa na wakazika hapa, lakini hadi mwaka wa 2023 hawakuwa wametambuliwa kuwa raia. Mtoto akikaribia mtihani, kuna baba aliyemwendea jirani mwenye kitambulisho kuomba jina. Jirani alilitoa kwa wema, hatumlaumu. Ila cheti cha shule kilitoka na jina la baba asiye baba, na mwenye nacho leo ni mtu mzima anayeulizwa kila ofisi: huyu ni nani wako?

Katiba, Kifungu cha 53, yampa kila mtoto jina, uraia na elimu ya msingi ya bure. Kikwazo ni usajili. NEMIS, mfumo wa serikali wa kuandikisha wanafunzi kwa kompyuta, ilipoanza mwaka wa 2017, mtoto asiye na nambari ya cheti cha kuzaliwa alikuwa shida kumwingiza, na asipoingia, mgao wake wa fedha za serikali haukuja. Mwalimu akageuzwa bawabu.

Zamani tuliwasoma majina gwarideni wasio na vyeti. Tunakiri lilikuwa kosa. Wapo walioona haya wakaishia ufuoni kupara samaki. Siku hizi mzazi huitwa kando, na asemayo hayatoki ofisini. Mtoto huandikwa kwa jina lake mwenyewe, hata cheti kikichelewa.

Ombi letu ni hili. Mtoto akishapita miezi sita, usajili wake huwa wa kuchelewa, wenye karatasi na safari nyingi. Aliyezaliwa nyumbani shahidi wake ni mkunga na majirani, na nani atawalipia wote nauli ya mjini? Tuletee maafisa wa usajili hapa shuleni, siku mbili tu kila muhula, naibu wa chifu akiwepo, tena kabla ya usajili wa mtihani, si baada yake. Meza, kivuli na chai ni juu yetu.

Ni sisi,
Walimu na wazazi.