Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mgonjwa wa meli akishafika Arusha, dereva wake mmempangia nini?

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Arusha, mimi ni dereva wa watalii. Bahari kwetu hakuna ila watu wa meli za kitalii tunawapokea sana tu, meli inatia nanga Zanzibar au Dar, wageni wengine wanapanda ndege ndogo asubuhi wanashuka Kisongo hapa Arusha au moja kwa moja Seronera, ndani ya Serengeti, tunazunguka nao siku mbili tatu halafu wanawahi kurudi melini. Sasa mipango ya karantini kila ikiongelewa inaishia bandarini. Kile kirusi cha tumbo, norovirus, ambacho ndo kinasumbua sana hizi meli, kinakaa mwilini saa 12 mpaka 48 ndo dalili zinaanza, maana yake mtu anapita bandarini mzima kabisa, anacheka na maafisa wako, kesho yake anatapika akiwa Karatu.

Mimi yalishanikuta. Tumeipita Makuyuni mgeni akaomba nisimame, hakuwahi hata kufungua mlango, alitapika kwenye siti na kwenye begi la kamera, mke wake analia nyuma pale. Nikapiga ofisini nikaambiwa mpe maji endelea na ratiba. Gari nikaliosha mwenyewe Mto wa Mbu, ndoo na sabuni ya unga, glavu sina, sanitaiza ndo ilikuwepo na kwa kirusi hicho sanitaiza haisaidii kivile, inatakiwa sabuni na maji yanayotiririka. Loji waliposikia anaumwa ghafla vyumba vikawa vimejaa, tukahangaika mpaka giza ndo tukapata pa kumlaza. Usiku huohuo nikalala chumba cha madereva na wenzangu, asubuhi tunamimina chai kwenye chupa moja, na hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza kama tumbo langu liko sawa.

Mheshimiwa, hapo ndo penye shida yote. Yokohama Februari 2020 waliifungia meli ya Diamond Princess kwa ajili ya korona na watu zaidi ya 3,700 ndani, abiria wakaambiwa wakae vyumbani, sawa, lakini wapishi na wahudumu wakaendelea kupika na kupeleka chakula mlango kwa mlango na usiku wanarudi kulala wamebanana. Kati ya wafanyakazi 20 wa mwanzo kuthibitika kuwa na korona, 15 walikuwa watu wa chakula. Mwishowe walioambukizwa melini walifika 712. Karantini ilimuona abiria, aliyembebea sahani haikumuona, na huku kwetu aliyebeba sahani ni mimi, ni mpishi wa kambi, ni dada anayebadilisha mashuka.

Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, ibara ya 40, zinasema msafiri asitozwe hela ya karantini anayowekewa (na bado Machi 2020 hapa kwetu tulitangaza watu wakae siku 14 kwa gharama zao). Sawa, msafiri ana kanuni yake, ila mimi sio msafiri, mimi nipo kazini. Wengi wetu ni deiwaka, tunalipwa kwa safari, ukiniweka ndani siku hata tatu watoto wanakula nini? Ndo maana dereva akianza kuharisha ananyamaza, anameza vidonge, anaenda kuchukua wageni wengine uwanja wa ndege wa KIA. Simlaumu, ila wewe unaweza kufanya asiwe na sababu ya kunyamaza.

Sikuombi mzizuie meli, hapana. Mauritius Februari 2024 waliikatalia meli ya Norwegian Dawn kutia nanga kwa hofu ya kipindupindu, vipimo vikarudi hakuna kipindupindu, watu wamekaa baharini na mizigo yao wameshafunga. Na sio kila ugonjwa ni siku 14, huyo wa norovirus anatengwa mpaka saa 48 zipite tangu kutapika na kuharisha kukome, basi, na choo chake peke yake.

Ninachoomba ni hivi, taarifa ya afya ambayo nahodha anaijaza kabla ya kufunga gati, kama kuna wagonjwa melini basi na mganga mkuu wa mkoa wa Arusha aipate siku hiyohiyo, na kampuni zinazopokea wageni wa meli hiyo ziambiwe. Zitajwe hospitali au vituo, kimoja upande wa Karatu na kimoja mjini, ambako mgeni anapokelewa bila kuzungushwa. Namba 199 ya wizara yako ipo na ni bure, wanaopokea waelekezwe cha kumwambia dereva aliye porini na mgonjwa kwenye gari. Na kampuni ya meli ikitaka kibali cha kuleta watu, iweke kwenye mkataba kwamba mfanyakazi yeyote wa huku akitengwa kwa sababu ya abiria wao, siku zake zinalipwa kama yuko kazini, chakula na dawa juu yao.

Hiki cha mwisho ukikifanya peke yake, madereva wataanza kukupigia wenyewe.

Wako,
Dereva wa watalii, Sakina, Arusha