Beji ya mionzi isomwe kabla mvaaji hajasahau alikuwa wapi

Mhariri,

Nimefurahi kusoma habari yenu kuhusu mashine mpya za CT (zile zinazopiga picha za ndani ya mwili vipande kwa vipande) zinazohesabu chembe za mionzi moja moja. Ni hatua kubwa kweli: picha inatoka kali zaidi, na mgonjwa anaweza kupigwa kwa mionzi kidogo. Lakini nimepiga picha za eksirei kwa miaka 26, na naomba nafasi niseme neno juu ya kifaa ambacho habari ile haikukigusa, yaani beji inayopima mionzi tunayopata, ambayo tunaibana kifuani kila asubuhi kabla ya kuingia chumbani.

Nilipoanza kazi, beji yetu ilikuwa kipande cha filamu ndani ya kasha la plastiki. Mionzi iliifanya nyeusi, lakini joto na unyevu navyo viliiharibu, hivyo hukuwa na hakika weusi ule umetokana na nini. Ikaja beji ya fuwele ya litiamu floridi, kijipande kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Fuwele hiyo hutunza nguvu ya mionzi iliyoipiga. Maabara wakiipasha moto hutoa mwanga, na wingi wa mwanga huo ndio hesabu yako. Ni kipimo cha kuaminika, ila kinatoa jumla tu. Hakisemi ulipata siku gani wala saa ngapi, na kabla ya kusomwa hakimwambii mvaaji lolote.

Mwaka mmoja majibu yangu ya mwezi mmoja yalirudi yakiwa yamechelewa miezi minne: milisiveti 11 (milisiveti ni kipimo cha mionzi iliyoingia mwilini). Kikomo kwa sisi wafanyakazi ni wastani wa 20 kwa mwaka. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Nikaulizwa, "Mwezi ule ulifanya nini?" Nani angekumbuka? Wiki mbili nzima nililala nikihesabu wagonjwa niliowashika mkono, watoto niliowatuliza mezani. Mwishowe mwenzangu mmoja ndiye aliyekumbuka kwamba aproni yangu ya risasi (madini mazito yanayozuia mionzi), beji ikiwa bado imebanwa juu yake, ilisahaulika kwenye kiango ndani ya chumba siku fundi alipokuwa akijaribu mashine. Nilipumua. Lakini kuthibitisha hatukuweza, na namba ile imebaki kwenye jalada langu hadi leo. (Mwanangu alizaliwa salama, namshukuru Mungu.)

Sasa zipo beji za elektroniki zenye kipande cha silikoni ndani. Zinaonyesha namba papo hapo, zinalia ukizidi kiwango kilichowekwa, na zinatunza kumbukumbu ya saa na dakika. Niliazimwa moja kwa wiki moja nikiwa chumba cha upasuaji. Nimesimama karibu na kitanda, taa ya mionzi inawaka, namba inapanda. Nikarudi nyuma hatua moja, ikapanda polepole mno. Kanuni ile naijua tangu chuoni, ukizidisha umbali mara mbili mionzi inabaki robo, lakini siku ile ndipo miguu yangu ilipoielewa. Sisemi beji za fuwele zitupwe. Baadhi ya hizi za elektroniki hupima pungufu mionzi inapotoka kwa mipigo mifupi mifupi, kwa hiyo zote mbili zivaliwe pamoja.

Kipimo kikichelewa, madhara yake si ya mfanyakazi peke yake. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazil, watu walibomoa mashine ya tiba ya mionzi iliyotelekezwa na kutoa humo unga wa sesiamu, kitu chenye mionzi mikali, uliong'aa kwa rangi ya bluu. Ukagawanywa kwa ndugu na majirani kwa siku kadhaa. Septemba 29 mwanafizikia mmoja aliazima kipima mionzi cha watafiti wa madini, akakiwasha akiwa njiani, mshale ukaruka hadi mwisho kila alikokielekeza. Akadhani ni kibovu, akarudi kuchukua kingine. Cha pili kikasema vilevile. Watu zaidi ya 112,000 wakapimwa, 249 wakakutwa na mabaki ya mionzi, wanne wakafariki. Simlaumu mwanafizikia huyo hata kidogo, maana nimeshika vipima vingi ambavyo havijahakikiwa kwa miaka, na ukishazoea kifaa cha namna hiyo, siku kikisema kweli hukiamini.

Ombi langu ni kwa wanaosaini manunuzi ya mashine kubwa. Kwenye karatasi hiyohiyo waandike beji za kila mfanyakazi, kipima mionzi cha chumba, na tarehe ya kukihakiki kila mwaka. Na majibu ya beji akabidhiwe mvaaji mwenyewe mkononi, ndani ya mwezi mmoja.

Mpiga picha za eksirei