Daftari la duka la kaya nalo ni historia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Mjukuu wangu anasoma chuo kikuu, na likizo hii alikuja na kitabu kinene cha makala za wasomi kuhusu Tanzania, tangu Azimio la Arusha mwaka 1967 mpaka ruksa ya Mzee Mwinyi, Rais aliyelegeza masharti ya biashara. Kiko kwa Kiingereza, kwa hiyo jioni alinisomea barazani huku akinitafsiria, nami nikimkatiza kila mara.

Mambo makubwa wameyaeleza vizuri. Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, Vita vya Kagera, bei ya mafuta kupanda, fedha za kigeni kuadimika: sibishi, ndiyo yaliyomaliza bidhaa madukani. Ila makala inayojiita ya maisha ya kila siku imejaa hotuba na ripoti za maofisa. Foleni sikuiona. Hata unga wa njano tuliouita wa Yanga haumo (na sisi wa Simba tuliula hivyohivyo).

Mimi nilikuwa karani wa duka la kaya, yaani duka la kugawia kila kaya bidhaa adimu kwa mgawo, hapa Kilosa, 1981 hadi 1984. Saa kumi alfajiri foleni yetu haikuwa na watu, ilikuwa na mawe. Mawe, makopo, kandambili za mguu mmoja, kila kimoja kikimshikia nafasi mwenyewe aliyerudi kulala. Nilifika kujua jiwe lipi la nani. Sabuni ikija tuliikata miche kwa uzi wa katani ili kila kaya iambulie kipande. Khanga zilipigiwa kura. Kina mama wawili walipata doti moja, wakaikata katikati, kila mmoja akaondoka na upande wake, na mwaka mzima mtaa ukawaita mapacha.

Mwaka 1983 ulipoanza msako wa wahujumu uchumi, yaani walioficha au kulangua bidhaa, asubuhi moja nilikuta katoni ya sabuni imetupwa mtaroni nyuma ya duka. Sabuni, Mhariri, wakati ule! Watu waliipita kama mzoga, hakuna aliyethubutu kuinama.

Wasomi wanaoandaa vitabu vya namna hii wangefika na majumbani kwetu. Kisha watuandikie toleo la Kiswahili, la bei ya mstaafu. Hicho cha mjukuu kakiazima maktaba.

Wasikawie. Madaftari yangu ya mgawo yalikuwa matatu: jina la balozi wa nyumba kumi, idadi ya watu katika kaya, kilo, vipande, saini au dole gumba. Mawili mke wangu alimgawia jirani muuza karanga, naye kayamaliza kwa kufungia. La tatu lipo juu ya kabati ndani ya mfuko wa plastiki. Kurasa za mwanzo zimeliwa na mende, lakini mgawo wa Desemba 1983 unasomeka wote.

Karani mstaafu,
Kilosa, Morogoro