Watoto wa mbwa wasikimbizwe mchakamchaka

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ninaloliona karibu kila alfajiri mtaani kwetu Mbezi, jijini Dar es Salaam. Vijana hukimbia mchakamchaka kwenye lami huku wakiwavuta kwa kamba watoto wa mbwa aina ya German Shepherd wenye miezi mitano au sita, na wengine huwafunga nyuma ya baiskeli, kwa imani kwamba mbwa wa ulinzi sharti akomazwe mapema.

Siwalaumu, kwa sababu nami nilifanya vivyo hivyo. Popi wangu alikuwa na miezi mitano nilipoanza kukimbia naye kilomita nne kila siku, wala hakuonyesha kuchoka. Alinifuata kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mbele. Baada ya wiki kadhaa niliona kwamba akiamka hujiinua kwa miguu ya mbele na kuikokota ya nyuma, na akikimbia huirusha miguu hiyo ya nyuma yote miwili kwa pamoja, mithili ya sungura. Daktari wa mifugo alimpapasa nyonga, akampiga picha ya eksirei, kisha akaniuliza: "Mzee, huyu unamkimbiza umbali gani?"

Alinieleza kwamba mifupa ya mtoto wa mbwa hurefuka kupitia tabaka la gegedu lililo karibu na ncha zake, na kwamba tabaka hilo ni laini kuliko mfupa wenyewe. Kwa mbwa wa umbo dogo hukomaa mapema, lakini kwa wakubwa huchukua takriban mwaka mzima, pengine mwaka na nusu. Hakunificha pia kwamba ubovu wa nyonga, yaani kiungo cha nyonga kutokaa sawasawa, kwa sehemu kubwa hurithiwa. Ila aliyezaliwa na udhaifu huo, akinenepeshwa na kukimbizwa bila kiasi, huumia mapema na huumia zaidi.

Nisieleweke kwamba dawa ni kumfungia bandani kutwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliofuatilia mbwa wa aina nne kubwa nchini Norway, ulionyesha kwamba waliopanda na kushuka ngazi kila siku kabla ya kutimiza miezi mitatu walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata ubovu wa nyonga, ilhali walioachwa huru nje katika umri huo hatari yao ilipungua. Kwa maoni yangu, tofauti iko kwa anayepanga mwendo. Mtoto wa mbwa aliye huru hukimbia kidogo, husimama kunusa, huchimba, kisha hujilaza mwenyewe. Aliyefungwa kamba husimama pale tu mwenye kamba anapotaka.

Wafugaji wengi wa Uingereza hutumia kanuni ya dakika 5 za matembezi kwa kila mwezi wa umri, yaani dakika 20 kwa mwenye miezi minne, bila kuhesabu michezo yake ya uani. Kanuni hiyo haina ushahidi mzito wa kisayansi, lakini naiheshimu kwa sababu humfunga breki mwenye mbwa, ambaye ndiye anayeihitaji.

Kwa hali ya hewa yetu kuna suala la joto pia. Mbwa hajipoozi kwa jasho kama sisi bali hasa kwa kuhema, na lami ya saa sita mchana huunguza nyayo. Ukiweka nyuma ya kiganja chako juu yake ukashindwa kustahimili sekunde saba, mbwa asitoke. Vilevile, ambaye hajamaliza chanjo zake za utotoni, ambazo kwa kawaida huendelea hadi wiki ya 16 hivi, asipelekwe wanakopita mbwa wa mitaani, kwani kirusi cha parvo, kinachowaharisha watoto wa mbwa hata kuwaua, hudumu ardhini kwa miezi mingi.

Ninaye mwingine sasa, mwenye miezi minne. Asubuhi namwachia uani penye mchanga, anaburura kifuu cha nazi mpaka anakichoka na kulala kivulini, na kamba inabaki imetundikwa mlangoni. Popi humtazama akiwa chini ya baraza, maana ili apande ngazi tatu za baraza siku hizi hunisubiri nimbebe.

Msomaji wako,
Mbezi, Dar es Salaam