Jumamosi tunamwongelea Juliette Gordon Low

Wadada mambo, Jumamosi kwenye kikao ni zamu ya Juliette Gordon Low, yule mama wa Savannah, Georgia, aliyeanzisha Girl Scouts ya Marekani, yaani chama cha skauti cha wasichana, tarehe 12 Machi 1912 akiwa na wasichana 18 tu. Mimi kinachonigusa sana ni masikio yake jamani, alikuwa hasikii vizuri, moja liliharibika baada ya punje ya mchele waliorushiwa siku ya harusi yake 1886 kumwingia, na bado akazunguka kila mahali kuchangisha hela, hata mkufu wake wa lulu akauuza ili chama kisife. Alifariki 1927 kwa kansa ya matiti, akazikwa na yunifomu yake. Kila mtu aje na swali moja, tunaanza saa kumi kamili.