Dawa ya magugu inayoacha zao: kwa nini wakati mwingine hulijeruhi

Mahindi yakijikunja au maharage yakigeuka njano baada ya dawa ya magugu, maswali matatu hutoa jibu mara nyingi. Zao lilikuwa na majani mangapi siku ya kupiga? Bomba la kupulizia lilibeba dawa gani kabla ya hapo? Na msimu uliotangulia shamba lilipigwa nini? Jina la dawa tunaliuliza mwishoni, kwa sababu hata dawa iliyo sahihi kwa zao inaweza kuliumiza.

Wengi huamini kwamba dawa teule, yaani inayoua magugu na kuacha zao, hulitambua zao na kulipita. Sivyo. Inaingia kwenye zao na kwenye gugu vilevile. Tofauti ni kinachotokea ndani. Chukua atrazini, ambayo huzuia usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mahindi yana vimeng'enya (protini zinazoendesha mabadiliko ya kikemikali ndani ya mmea) vinavyoifunga na kuiondolea nguvu kabla haijaleta madhara. Magugu mengi hayana uwezo huo, nayo huanza kukauka kingo za majani ya chini. Kwa hiyo zao linapona kwa sababu ya kasi yake ya kuivunja dawa. Likidhoofishwa na baridi, ukame au maji yaliyotuama, kasi hiyo hushuka, na kipimo kile kile ambacho kingekuwa salama huliunguza.

Nikosulfuroni, dawa nyingine ya magugu kwenye mahindi, ni mfano mzuri zaidi. Mahindi huivunja haraka, lakini viuadudu vya kundi la organofosfati, kama malathioni, huzuia vimeng'enya vinavyoivunja. Ukivichanganya kwenye bomba moja, au ukavipiga kwa kufuatana siku chache, mahindi hudumaa na majani machanga hutoka yamekunjamana. Acha angalau siku 7 kati yake, au zaidi lebo ikisema hivyo.

Umri nao una uzito wake. 2,4-D, inayoua magugu ya majani mapana, huvumiliwa na mahindi mafupi. Yakishapita kimo cha sentimita 20 hivi, shina huweza kuwa jepesi kuvunjika kwa upepo na mizizi ya juu kushikamana kama vidole vilivyogandana. Magugu yenyewe hufa vizuri yakiwa na majani 2 hadi 4. Kusubiri yarefuke halafu kuongeza kipimo ni hasara mara mbili: gugu linabaki, zao linaumia.

Kwa maharage, soya na mazao mengine ya majani mapana kuna dawa za kuua nyasi: fluazifopi, haloksifopi, kwizalofopi. Hizi huziba kimeng'enya cha kutengeneza mafuta ndani ya nyasi. Cha maharage kina umbo tofauti na hakishikwi. Nyasi zinaweza kubaki kijani wiki nzima, na hapo ndipo mtu hudhani ameuziwa dawa feki na kurudia kupiga. Kabla ya kurudia, shika jani changa la katikati ulivute. Likichomoka kwa urahisi na kitako chake ni cha kahawia kilichooza, dawa imefanya kazi. Ila ndago haitakufa kwa dawa hizi. Inafanana na nyasi, lakini si nyasi: zungusha shina lake kati ya vidole utahisi pembe tatu. Kwa ndago kwenye mahindi, tafuta halosulfuroni.

Sasa bomba. Mabaki kidogo sana ya 2,4-D yanatosha kuharibu nyanya: majani huwa membamba na kujisokota, na wengi hudhani ni ugonjwa wa virusi. Kinga bora ni kuwa na bomba la dawa za magugu peke yake. Ukiwa na moja tu, suuza mara tatu, kisha jaza maji lita 20 yenye mililita 200 za amonia ya nyumbani, yakae usiku kucha, halafu suuza tena. Fungua nozeli (ncha inayonyunyizia dawa) na vichujio uvioshe mbali, maana humo ndimo mabaki hujificha. Usichanganye kamwe amonia na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini. Hutoa gesi ya sumu.

Kifuniko cha chupa si kipimo. Pima eneo la mita 10 kwa 10, tia lita 5 za maji matupu kwenye bomba, piga kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima yaliyobaki. Yakibaki lita 3, umetumia lita 2 kwa mita za mraba 100, yaani lita 200 kwa hekta. Bomba la lita 20 linatosha mita za mraba 1,000. Lebo ikisema lita 1.5 kwa hekta, kila bomba linapata mililita 150. Nozeli inayotoa asilimia 10 zaidi ya ilipokuwa mpya, itupe. Na funga bomba unapogeuka mwisho wa mstari, kwa sababu hapo ndipo kipimo maradufu huangukia.

Kinachobaki kwenye udongo huvunjwa hasa na vijidudu, navyo vinahitaji unyevu na joto. Udongo wa mfinyanzi na mboji hushika dawa, mchanga huiachia ishuke mpaka kwenye mizizi ya zao, na hata zaidi. Uchafuzi wa maji ya ardhini ndio uliofanya Umoja wa Ulaya uikatae atrazini mwaka 2004. Kwenye udongo wenye pH ya juu, yaani usio na tindikali, atrazini hukawia, na maharage ya msimu unaofuata ndiyo yanayolipa.

Kabla ya kupanda maharage mahali palipopigwa atrazini, chota udongo wa sentimita 10 za juu kutoka sehemu kadhaa za shamba, na mwingine kutoka mahali pasipopigwa. Jaza makopo mawili, panda maharage 10 kila kopo, mwagilia sawa, subiri wiki tatu. Mche huota vizuri kwanza ukila akiba ya mbegu, hivyo usifurahi mapema. Majani ya chini yakigeuka njano kuanzia kingoni kwenye kopo la udongo uliopigwa tu, shamba hilo lipande mahindi au mtama msimu huu.